Pumzi Kwenye Bomba la Omo

Mama ndiye anayesimamia mashine ya hewa kwenye meli ya utafiti. Bomba linaanzia omoni, mbele kabisa, linavuta hewa ya baharini mpaka chumba cha mashine, na kwenye skrini unatokea mstari wa hewa ukaa. Wanailinganisha na ile ya majini, wajue bahari inameza kiasi gani. Kwa hiyo omoni hakwendi mtu. Ukipumua tu karibu na bomba, mstari unaruka.

Siku tunatoka bandari ya Hakodate, Bwana Kuzumaki, mkubwa wa watafiti, alituambia sisi wanafunzi, "Mkitaka kupumua, nendeni nyuma. Aliyekula kitunguu saumu ashuke kabisa." Wenzangu walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Baba alikuwa baharia wa meli hii hii. Mwaka juzi alienda omoni kuzibua bomba, wimbi likamchukua. Hakupatikana. Tangu hapo Mama hakosi safari hata moja, na mimi naishi kwa bibi. Nilijiandikisha safari hii ya likizo ili nimrudishe nyumbani.

Tulifika pale mahali Baba alipopotelea mchana, ukungu umefunga. Nahodha alisimamisha meli, akapiga honi, akamwaga sake, ile pombe ya mchele, baharini, wote tukainamisha vichwa. Nilipoinua changu, Mama hayupo.

Nikakimbilia chumba cha mashine. Hakuna mtu. Mstari kwenye skrini unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, polepole, kama mtu aliyelala. Nikashika kipaza sauti cha meli, mimi ambaye hata darasani nikiitwa jina naitikia kwa kichwa.

"Mama, rudi," nikasema. "Tafadhali."

Akaja, nywele zimelowa ukungu. Hakunikaripia. Alisema ile ni pumzi yake mwenyewe, hewa inachukua kama dakika nzima kupita kwenye bomba, tusubiri tu itaisha. Tukasubiri. Dakika ikapita. Ikapita nyingine. Mstari ukaendelea vile vile, kupanda na kushuka. Mama akashika ukingo wa meza.

"Kila safari anafanya hivi," akanong'ona. "Nikimwacha, atabaki na nani? Na wewe unamwona, si ndiyo?"

Nilimwona. Hata kule kukwama kidogo mwishoni nilikujua, ndivyo Baba alivyokuwa akisinzia mbele ya televisheni. Na nilijua nikisema ndiyo, Mama hatashuka kwenye hii meli maisha yake yote.

"Sioni kitu, Mama. Ni moshi wa injini umerudishwa na upepo."

Nikabonyeza alama ya vipimo vibovu, ile aliyonifundisha mwenyewe jana yake.

Mama aliuachia ukingo wa meza. Halafu akakaa, akaipa skrini mgongo, akaniuliza siku hizi bibi anapika nini. Nikamwambia ngisi na viazi, na kwamba sahani ya Mama huwa anaiweka mezani.

Nyuma yake mstari ulikuwa umenyooka kabisa, kama mtu aliyebana pumzi anatusikiliza.