Pengo la Burkhard Lüders

Jumapili ile Maren aliingia kwa baba yake na kompyuta kwapani, akaisukuma keki ya siagi pembeni kabla hata ya kuionja. Shule ya msingi ya mtaa wa pili ilikuwa inatafuta mtunza majengo, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake. Baba huyo, Burkhard Lüders, alishafika miaka hamsini na sita. Akiikosa kazi hiyo, nani mwingine hapa Bremen angemchukua?

Maren yuko ofisi ya ajira ya kiwanda kimoja. Kusoma wasifu za watu ndiyo kazi yake, na huzisoma kwa kutafuta kosa.

"Baba, hii picha ni ya harusi ya nani?"

"Yako."

"Haya, angalau umevaa tai. Nitajikata mimi pichani, ubaki wewe." Akaendelea kushuka. "Na hawa njiwa wanatafuta nini humu? Shule inataka mtu wa kuziba bomba."

"Si umesema niandike ninachopenda?"

"Nimesema andika unachoweza! Na hili neno 'mchapakazi' litoke, kila mvivu analiandika."

Alifuta, akapanga, akaweka kazi ya mwisho juu. Halafu vidole vikasimama.

"Na hapa? Tangu ulipoacha kuendesha tramu hadi ulipoingia kazi ya bohari?"

Burkhard akakoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. Maren alikuwa anajua vizuri. Asubuhi moja ya Februari kijana wa baiskeli alikatiza mbele ya tramu ya Burkhard, ile treni ya barabarani, akafa palepale. Polisi walisema dereva hana kosa, lakini dereva alirudi nyumbani akajilaza kwenye kochi, na kwa zaidi ya mwaka karibu hakutoka ila kwenda kwa daktari.

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Tukiona miezi mitatu haina maelezo kwenye wasifu, mwenyewe tumeshamfunga jela au tumeshamfanya mlevi. Ndiyo maana tumekuwa mafundi wa kutia viraka, na kiraka tunachokipenda kuliko vyote ni kuuguza mzazi, kwa sababu hakuna mwenye uso wa kukihoji. Mimi kinanichefua.

"Naandika ulikuwa unamuuguza Bibi," Maren akasema. "Tarehe zinaingiliana vizuri kabisa."

"Aliyemuuguza ni shangazi yako Hedwig. Mimi sikwenda hata siku moja. Mazishini kwenyewe nilibaki garini, Maren, unakumbuka."

"Nakumbuka. Lakini Bibi hawezi kuja kubisha."

"Si uandike tu nilikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini, wa mawazo? Kwenye shule ya watoto? Baba, wasifu kama huo ukinifikia mimi unakwenda rundo la pili hapo hapo."

"Rundo la pili ndiyo lipi?"

"La kukataliwa na kurudishwa."

Burkhard akaweka kijiko chini. "Kumbe ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Unayewarudisha watu kama mimi."

Maren alijitia hamnazo, akaandika kiraka cha Bibi, akachapa karatasi mbili na kumsogezea kalamu. Kwetu wasifu huwekwa tarehe na sahihi chini, mtu akubali kwamba yote ni kweli. Burkhard alitia sahihi harakaharaka bila kusoma.

Aliitwa kwenye usaili. Mkuu wa shule, Bi. Tiedemann, alimkaribisha mwenyewe ofisini, akamuuliza kuhusu vitasa, mifereji ya maji na watoto watundu. Hayo yote Maren alikuwa amemfundisha njia nzima, akayajibu vizuri mpaka yule mama akacheka mara mbili.

"Kwa kweli nimekupenda, Bwana Lüders," alisema. Kisha akavua miwani. "Niulize jambo ambalo si la kazi? Na mimi nilimuuguza mama yangu. Tumemzika Aprili. Mwishoni alikuwa ananiita kwa jina la mpishi wa hospitali. Wako je, alikufahamu hadi mwisho?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Angesema ndiyo, funguo za shule zingekuwa zake. Lakini alimwona yule mama alivyokuwa anangoja kwa hamu, kama mtu aliyepata mwenzake msibani, akaona haya kumdanganya.

"Sijui," akasema. "Sikuwepo."

Akaeleza yote, tramu, kochi, Hedwig. Bi. Tiedemann alisikiliza bila kumkatiza, na Burkhard alipomaliza, macho ya yule mama yalikuwa yamelowa.

"Ungeandika tu kwamba ulikuwa mgonjwa," alisema. "Ningekuita."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi, Bwana Lüders. Kusema uongo kwa jina la mama yako, hapana."

Nje, Maren alikuwa anangoja garini. Hakumpa baba yake hata nafasi ya kufunga mlango.

"Wamekuuliza kuhusu lile pengo?"

"Hapana. Wameniuliza kuhusu mama yangu."

Maren akatia ufunguo wa gari. Hakuuzungusha.

"Nipeleke kwa Hedwig," Burkhard akasema.

"Leo? Baba, shangazi hata simu zako hapokei tangu mazishi."

"Leo. Sijajua nitamwambia nini, lakini nipeleke kabla sijaanza kuogopa."