Mluzi wa Bwana Gérard

Kazini kwa Adalbert walikuwapo wawili walioitwa kwa mluzi, yeye na mbwa. Mbwa aliitwa Bijou. Bwana Gérard, Mbelgiji mwenye kampuni ile ya kununua kahawa pale Bukavu, alikaa chumba cha ndani. Akihitaji barua au mhuri, anapiga mluzi, na Adalbert, karani mwenye tai na kalamu ya wino mfukoni, anakurupuka. Mara nyingi walifika mlangoni pamoja, ingawa Bijou alikuwa na mbio kumzidi kidogo.

Haya Adalbert hakumwambia mtu. Tena alipokwenda Walungu kumposa Bibiane, ulimi ulimponza. Baba wa msichana, muzee Philémon, mfugaji wa ng'ombe asiye na maneno mengi, alimuuliza Mzungu wake anamtendea vipi.

"Patron yangu, Papa? Ananiheshimu sana! Ananiita Musyé Adalbert. Na akikuya kwa meza yangu, anapiga kwanza hodi."

"Ile nitakuya kuiona na macho yangu," muzee akasema. "Kisha tutaongea juu ya Bibiane."

Adalbert alirudi mjini akijilaumu njia nzima. Hodi! Nani alimtuma kuongeza hodi? Jioni zile akaanza mazoezi ya kutoitikia mluzi. Alimwomba dada yake Séraphine ampigie. Séraphine akamtolea macho: mwanamke gani anapiga mluzi? Basi akawa anajipigia mwenyewe, ameshika kiti kwa mikono miwili asiinuke. Alifaulu kila mara, akalala na furaha ya mtu anayecheza karata peke yake na kushinda.

Muzee Philémon akafika asubuhi moja, fimbo mkononi, akaketi kwenye benchi karibu na meza ya karani. Adalbert akagonga mashine ya kuandikia kwa nguvu zote, bila hata karatasi ndani, ili sauti nyingine isisikike.

Mluzi ukalia.

Kiti alikishika, kweli. Lakini miguu haikumwomba ruhusa. Alijikuta mlangoni kwa bwana, kiti bado mkononi, akisema, "Ndiyo, Bwana!"

"Hapana wewe," Bwana Gérard akasema bila kuinua macho. "Mi naita imbwa."

Bijou akampita miguuni, mkia juu. Adalbert akarudi na kiti chake, akakiweka chini, akakikalia. Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Bibiane ndiyo basi, alijiambia, na usimsingizie Mzungu peke yake. Ni mdomo wako, mjinga wee.

"Papa," akanong'ona, "nilikudanganya."

"Nimeona."

Muzee akaitazama fimbo yake.

"Ngombe zangu zote ziko na majina," akasema mwishowe. "Nikisahau jina ya moja, nasikia haya."

Mluzi ukalia tena, mrefu zaidi. Bijou alikuwa ameshaingia ndani, kwa hiyo huu ulikuwa wa karani. Adalbert akaanza kuinuka. Muzee akailaza fimbo juu ya magoti ya Adalbert, vile anavyomzuia ndama asiye na subira.

"Ikala."

Adalbert akakaa. Aliogopa kufukuzwa kazi, aliogopa sana, ila kumkosa Bibiane alikuogopa zaidi. Mluzi wa tatu ulipolia, alifumba macho. Kisha vikasikika viatu.

Bwana Gérard akatokea mlangoni, uso umemwiva. Alimnyooshea karani wake kidole, akafungua mdomo amwite. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Miaka yote ile hakuwahi kulihitaji jina lile, na sasa alilitafuta asilione.

Muzee Philémon akasimama. Usoni alionekana kama anamhurumia Mzungu.

"Anaitwa Adalbert," akasema. "Ni mukwe yangu."

Adalbert alisikia neno lile la mwisho, akadhani ameota. Bwana Gérard alimtazama muzee, akaitazama fimbo, akakohoa.

"Adalbert," akasema kwa shida, "leta barua."

Adalbert akaiweka tai yake sawa. Safari hii miguu ilimwomba ruhusa kwanza, naye akaichelewesha kidogo.