Chumba Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Watu wanasema Mwalimu Jenista ana mdomo. Sikatai. Ila nawaomba wasikilize kwanza, halafu waniambie wao wangenyamaza vipi.

Shule yetu iko pembeni ya mji wa Tunduma, upande ambao malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde hupanga foleni mpaka karibu na geti letu. Mwaka huu wahisani walitujengea chumba cha kisasa. Kompyuta zipo, projekta ipo, umeme wa jua upo juu ya bati, na ipo mashine moja ya kukuza maandishi. Unaweka kitabu chini, juu kuna kioo kama cha televisheni, herufi zinatokea kubwa kama kiganja. Mashine hiyo ililetwa kwa ajili ya mtoto mmoja, na shule nzima inamjua.

Ni Nesta, wa kidato cha nne, kwao Msangano. Amezaliwa na uoni hafifu, na miwani haimsaidii kitu. Akisoma, pua inagusa karatasi, na hata hivyo anaambulia mstari mmoja mmoja. Mara nyingi jirani yake wa dawati, Mercy, ndiye humsomea mpaka sauti inamkauka. Lakini kichwa anacho. Historia anawaburuza wenzake, Kiswahili vilevile. Kinachomkwamisha ni Jiografia, somo langu mimi, na ndani ya Jiografia ni ramani. Ramani mtu hasomewi. Mercy atamwambia nini, hapa kuna mstari na pale kuna mstari?

Baba yake, mzee Osea, alikuja shuleni mwanzoni mwa mwaka akaongea mbele yangu na Nesta. Akifaulu vizuri aende kidato cha tano, atauza hata ng'ombe. Akishindwa arudi nyumbani walime, maana kumhangaikia amechoka. Hakusema kwa ubaya. Nesta aliitikia, "Sawa, baba."

Basi mtoto yupo, mashine imekuja, mtihani uko mbele. Utauliza kuna tatizo gani tena. Tatizo ni utepe.

Chumba kilipigwa kufuli, mlangoni ukafungwa utepe mwekundu, ukutani likawekwa jiwe la kusema kimefunguliwa rasmi na mheshimiwa fulani tarehe fulani. Mpaka mheshimiwa aje akate, hakuna mguu wa mtu kuingia. Nikamfuata mkuu wetu wa shule, Mwalimu Gasper.

"Mkuu, naomba ufunguo. Nimwingize Nesta peke yake, jioni, baada ya vipindi."

"Mwalimu Jenista, chumba hakijazinduliwa."

"Mashine haijui kama haijazinduliwa. Ukiichomeka inawaka."

"Na ikiharibika kabla mgeni hajaiona, nitamwambia nini? Subira yavuta heri, mwalimu."

"Ngojangoja yaumiza matumbo, mkuu."

Akacheka, akarudi kupanga mambo ya maturubai.

Mgeni akaahirisha. Akapanga siku nyingine, akafika mpaka Vwawa, akapigiwa simu akageuza gari. Akapanga tena, siku hiyo malori yakafunga barabara. Kila mara tunakodi viti, tunachinja kuku, watoto wanaacha masomo kukariri ngonjera, na fundi anaitwa kukwangua tarehe kwenye jiwe aandike nyingine. Pale penye tarehe sasa pamebonyea, ukipitisha kidole unaona. Kuku tunakula sisi walimu, hiyo sikatai.

Halafu mkuu akatangaza kwamba Nesta ndiye atakayemwonyesha mgeni jinsi mashine inavyofanya kazi. Nikafurahi. Nikasema sasa lazima aingie, atafanyaje mazoezi bila mashine? Thubutu. Mkuu alileta ofisini boksi tupu la mafuta ya kupikia, akalikata tundu mbele kuwa kioo, akachora vitufe kwa kalamu. Nesta akawa anaweka kitabu chini ya boksi, anabonyeza kitufe cha kuchora, anatazama ndani ya boksi, anasema, "Sasa naona vizuri."

"Rudia," mkuu anamwambia. "Tabasamu litangulie maneno."

Akarudia. Mtoto ana adabu, kila anachoambiwa anafanya. Mimi nilitoka nje nikasimama upande wa jikoni kwa sababu ningebaki ningesema neno la kunifukuzisha kazi. Hasira nilizokuwa nazo siku ile sijawahi kuwa nazo hata kwa mume wangu. Ukuta mmoja tu unatenganisha ofisi na mashine yenyewe, na mtoto anafundishwa kuona kwa boksi.

Nikajaribu njia yangu. Nikawa napiga picha kurasa kwa simu na kuzikuza. Maandishi yalisaidia kidogo. Lakini ramani, ile mistari ya kontua yenye namba za mwinuko, ukiikuza sana kwenye simu inakuwa ukungu mtupu. Nesta kanuni anaijua kwa moyo. Namba zikipanda kuelekea ndani, ni kilima. Zikishuka, ni bonde. Ukimwamsha usingizini atakwambia. Kuzifuata kwa macho yake, mstari hadi mstari, hajawahi hata mara moja.

Nikarudi kwa mkuu, safari hii sikubisha hodi. Akafunga mlango akaniambia jambo ambalo sikulijua. Shule aliyotoka, aliwaruhusu wanafunzi kulala kwenye bweni kabla halijafunguliwa, kisha akahamishwa, na hadi leo anaamini ni kwa sababu ile. "Sina hamu tena, mwalimu," akasema.

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nikamwambia, "Wewe ulihamishwa, mshahara ukakufuata. Huyu akirudi Msangano hakuna kinachomfuata."

Akainamisha kichwa. "Wiki ijayo anakuja. Safari hii wamethibitisha."

Hakuja. Madirisha ya chumba kile yana nondo, vinginevyo Nesta ningempitisha dirishani.

Novemba ikafika na mtihani wake. Karatasi ya maandishi makubwa ililetwa kama inavyotakiwa, na muda wa ziada alipewa. Sina wa kumlaumu hapo. Siku ya Jiografia nilimngoja nje. Akatoka na Mercy amemshika mkono.

"Mistari niliiona yote, mwalimu," akasema. "Sikujua nianzie wapi."

Wiki iliyofuata, Nesta ameshafunga sanduku lake, yuko stendi anangoja gari la kwao, mgeni akaja. Mkuu akatuma bodaboda imrudishe mbio. Akaletwa na vumbi lake vilevile.

Mgeni mwenyewe ni mama mmoja mpole, hana makuu. Akakata utepe, tukaingia, tukachana nailoni iliyofunika mashine. Mkuu alitaka niweke chini ya mashine kitabu chenye picha ya tembo. Mimi nikaweka ramani ya mtihani uleule, maana mtihani ulikwisha na karatasi ikawa si siri tena.

Kioo kikawaka. Nesta hakutabasamu wala hakusema alichofundishwa. Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kufuata mstari. Akasoma namba moja. Akahamia mstari wa ndani, akasoma ya pili. Akasoma ya tatu.

"Zinapanda," akasema. "Hiki ni kilima."

Watu wakapiga makofi. Makofi yalipotulia akaniinamia, akanong'ona, "Mwalimu, mimi niliandika bonde."

Nilimshika bega tu. Mgeni alikuwa amefurahi sana. Akamgeukia mkuu. "Mashine nzuri hii. Mmeanza kuitumia lini?"

"Leo, mheshimiwa. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Mnanisubiri mimi?" Yule mama alishangaa kabisa. "Mngeanza tu. Ningekuja nikawakuta mnasoma, kuna ubaya gani?"

Wageni wakacheka. Mkuu naye akacheka, jasho linamtoka.

Nesta alikuwa bado ameshika kioo. Akageuza uso upande niliko.

"Mwalimu, kwa hiyo hakuna mtu aliyetukataza?"

Nikamwambia asogee kidogo, wageni wanataka kupiga picha.