Mashine Iliyofunikwa Blanketi

Mwoka mikate alikaa mbele ya wakili ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa na kukaripiwa. Kando yake alikaa mdogo wake wa kiume, aliyekuja, eti, kumpa moyo.

Duka la mikate lilikuwa limemshinda. Mwenye nyumba alipandisha kodi, muuza unga akakataa kumkopesha tena, na sasa wote wawili walikuwa wakimwinda. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Njia ni mbili, mama," alisema wakili. "Tukae na wanaokudai, wakubali ulipe kidogo kidogo huku unaendelea kuoka. Au uombe mahakama ikutangaze mufilisi. Mali yako inauzwa, wanagawana, deni linalobaki linafutwa. Unaanza upya."

"Hiyo ya kwanza nimeshaijaribu. Muuza unga kakataa katakata."

"Basi ya pili. Lakini utaapa kwamba umetaja mali yote. Ukificha hata kijiko, deni halifutwi, na unaweza kushtakiwa."

Chini ya meza, mdogo wake alimkanyaga mguu.

Wiki iliyopita watu wa mtaani walimwambia kwamba mufilisi hunyang'anywa mpaka ufagio. Basi mdogo wake akaja na mkokoteni. Wakapakia mashine ya kukandia unga, wakaifunika blanketi kama mgonjwa, ikaenda kukaa stoo kwake. "Damu nzito kuliko maji, dada," alisema, naye dada mtu akamwombea dua mpaka machozi yakamtoka.

"Na chombo cha kazi?" aliuliza sasa. "Tuseme mashine ya unga?"

"Aa, hiyo kwa kawaida sheria inakuachia. Wakiichukua utakula nini?"

Alitaka kucheka, akaona atalia. Kumbe walikuwa wamejiibia wenyewe! Mguu wake ulikanyagwa tena, safari hii kwa nguvu. Akauvuta. Mficha uchi hazai.

"Wakili, mashine ninayo. Tuliificha kwa huyu mdogo wangu."

Wakili alifunua daftari lake. "Umefanya vizuri kusema kabla ya kuapa. Irudi dukani leo, mthamini wa mahakama akija kuhesabu mali aikute mahali pake."

Mwoka mikate akasimama, mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. "Haya, inuka twende tukaichukue."

Mdogo wake hakuinuka. Alikuwa akitazama viatu vyake, na ndipo dada yake alipoona kwamba ni vipya.

"Niliiuza, dada. Nilibanwa. Nikajua huwezi kuidai, si ulikuwa umeificha?"

Hasira ilimpanda hadi utosini. Alitamani kumchapa kofi hapo hapo, mbele ya wakili.

"Inaweza kurudishwa," wakili alisema taratibu, "ila lazima tumwandikie hakimu ni nani aliyeiuza."

"Utanitaja kwa hakimu, dada? Mimi? Mama atasemaje?"

Wakili alishika kalamu. "Jina lake kamili?"

Mwoka mikate alirudi kukaa. Kisha akalitaja polepole jina lile, ambalo yeye mwenyewe, akiwa bado msichana mdogo, ndiye aliyemchagulia siku alipozaliwa.