Stika ya Mia Saba Hamsini

Jina la Moshi hakupewa na wazazi. Wao walimpa jina la bibi yake mzaa baba, jina la heshima zake, lakini mtaani ukiuliza kwa jina hilo watakutazama kama umepotea njia. Uliza fundi Moshi, yule dada wa kompyuta, ndipo utashikwa mkono hadi mlangoni, na aliyekushika atakuwa anajing'ata midomo asicheke.

Aliyembatiza ni binamu yake, mtoto wa shangazi.

Binamu ana duka la vipuri vya kompyuta, na ana mdomo. Alimuuzia mpigapicha wa studio ya pale kona pawa saplai, lile sanduku la chuma linalokaa ndani ya kompyuta na kukigawia umeme kila kiungo. Moshi akaitwa kulifunga. Stika ya ubavuni ilisema wati mia saba hamsini, na Moshi aliiamini, kwa sababu ndugu hawezi kukuuzia uongo mchana kweupe. Kompyuta ikaenda vizuri mpaka mpigapicha alipokaa kutengeneza video ya harusi, kazi inayoinyonya mashine kama ndama aliyechelewa kunyonya. Kikasikika kishindo, kama mtu kakanyaga kopo. Moshi ukatoka kila tundu, na harusi ya watu ikaondoka na huo moshi. Wanasema bibi harusi alilia kuliko siku alipoagwa kwao.

Fundi alilifungua sanduku palepale. Ndani hamkuwa na mia saba wala nduguye. Mlikuwa na pawa ndogo ya zile kompyuta za ofisini, za kuandikia barua na kucheza karata, na pembeni kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili mnunuzi akilipima kwa mkono aone zito, aseme hili ndilo lenyewe. Mpigapicha alikuwa nje akiwatuliza wenye harusi, na kabla fundi hajapata wa kumwonyesha, binamu alishatokea, kalikwapua, eti analirudisha kwa waliomuuzia. Halikuonekana tena. Kisha akasimama mlangoni mwa studio, kaweka mkono kifuani, akawaambia watu kwa huruma ya kununua kwamba wasimlaumu sana dada yake, ndivyo alivyoumbwa, akigusa kitu lazima kitoe moshi.

Watu wakacheka. Jina likaganda.

Moshi alijaribu kusema habari za kile chuma. Akajibiwa kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Wateja wakapungua, mpigapicha akahama fundi, na hata shangazi, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, naye akaanza kumwita Moshi bila kujua anachomchoma nacho. Yeye aliitika. Alicheka na wachekao. Lakini kisasi alikiweka kama mtu anavyoweka chumvi: hakiozi, na siku ya kuhitajika kipo.

Siku ilianza kwa simu ya shangazi. Ndugu yako ana shida ya kitaalamu, alisema, naye anaona haya kukupigia baada ya yale maneno ya zamani. Binamu alikuwa amempata tena mpigapicha. Safari hii mpigapicha kanunua kadi ya picha, kipande kinene chenye feni tatu, kinachofanya video zisikwamekwame, na binamu kaapa kwa mdomo wake uleule kwamba atamfungia yeye mwenyewe, na pawa saplai ya kuilisha hiyo kadi atatoa dukani kwake.

"Basi mwambie aje Jumamosi, shangazi," Moshi alisema. "Asubuhi."

"Ndiyo maana nakupenda, Moshi wangu. Huna kinyongo."

"Nitakitoa wapi, shangazi?"

Sasa, Jumamosi asubuhi haikuchaguliwa kwa kutupa karata. Chumba cha Moshi kimepakana na cha kinyozi, na kati yao kuna ubao mwembamba ambao ukipiga chafya huku, unaambiwa afya kule. Upande wa kinyozi hauna soketi. Waya wa mashine yake ya kunyolea hupita kwenye tundu la ubao, ukaja kuchomekwa kwenye ekstensheni iliyo juu ya meza ya Moshi, penye swichi nyekundu ya tundu hilo peke yake. Na kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe jua liwake, kwenye kiti cha kinyozi hukaa mpigapicha, maana ni mtu anayependa kingo za nywele zake zinyooke kama fremu.

Binamu alifika kakumbatia kadi ndani ya boksi lake kama mtoto mchanga, na begani kapachika mfuko wenye pawa saplai mbili. Akaziweka mezani. Zilifanana kama mapacha: rangi moja, uzito mmoja, stika moja. Mia saba hamsini, mia saba hamsini. Ng'ambo ya ubao mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma, na kinyozi anasimulia mpira peke yake.

Binamu akasema achague tu moja nzuri aifunge, kompyuta ya studio tayari iko pale, mwenyewe anaitaka mchana.

"Nzuri vipi?" Moshi akauliza. "Si zote ni mia saba hamsini?"

"Zote, zote. Lakini wewe fundi, una jicho."

Hapo ndipo Moshi alipoielewa shida ya kitaalamu, akashtuka moyoni kwa furaha kama mtu aliyeshuka ngazi na kukuta kuna ngazi nyingine. Huyu bwana alibandika stika zake kwa haraka, akazipanga rafu moja na zile za kweli, kisha akasahau. Mwongo alikuwa amepotelea ndani ya uongo wake mwenyewe. Alitaka Moshi amchambulie, bila kumwambia anachambua nini.

Kwa jicho la fundi kazi hiyo haikuwa hata kazi. Stika hubandikwa, chuma huongezwa, ila waya haudanganyi. Moja ya zile pawa ilikuwa na waya nene zenye afya. Za ile nyingine zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Moshi aliona kabla hajavuta kiti. Alichukua moja akaanza kuifunga.

Akiwa anafunga, alipiga hesabu kwa sauti, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Kadi hii peke yake inakula wati mia tatu na ishirini. Prosesa, mia na ishirini. Feni, diski na takataka nyingine, weka sitini. Hiyo ni mia tano. Halafu kadi ina tabia ya kushtuka, ikipewa kazi nzito ghafla inameza zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo unaiachia nafasi ya kupumua. Mia saba hamsini inatosha kabisa." Akachomeka waya za kadi, moja, nyingine. "Kama ni mia saba hamsini."

Binamu alilamba midomo. Akauliza kama ana uhakika na hiyo aliyoichagua. Moshi akasema uhakika wake ni stika. Mara ya kwanza aliiamini, kwa nini asiiamini mara ya pili?

"Huwezi kuipima kwanza, bila kadi?"

"Ndugu yangu, naipima sasa hivi. Nawasha, naipa kadi video nzito. Ikinyamaza, nzima. Ikitoa moshi," akatabasamu, "si unanijua mimi."

Mkono wake wa kulia ulienda nyuma ya kompyuta. Wa kushoto ukapumzika mezani, karibu na ile swichi nyekundu. Binamu akasema kitu, chini chini, uso kaugeuzia mlango.

"Sikusikii. Mashine ya kinyozi hiyo."

Akakirudia. Moshi akatega sikio, akatikisa kichwa, kidole cha nyuma kikagusa kitufe kikatoa sauti ndogo ya tak.

Binamu akapiga kelele. Na sauti ilipoanza kumtoka, kidole cha kushoto cha Moshi kikabonyeza swichi nyekundu. Mashine ya kinyozi ikafa. Mtaa mzima ulikuwa kimya kama unasubiri kuhutubiwa, na ukahutubiwa:

"Usiwashe! Moja stika nilibandika mwenyewe, sijui ni ipi, itaungua kama ile ya studio!"

Hata kinyozi aliacha mpira.

Kitambo kidogo, mlangoni akasimama mpigapicha, shuka jeupe shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu msitu. Alimtazama binamu kwa utulivu wa mtu anayesubiri mwanga ukae sawa.

"Kama ipi ya studio?" akauliza.

Moshi alichukua bisibisi, akaifungua ile pawa nyingine iliyobaki mezani, akaigeuza. Gundi haikuwa imeshika vizuri. Kipande cha chuma kikadondoka mezani, kikabiringika hadi sakafuni, kikasimama miguuni pa mpigapicha.

"Hii niliyofunga ndiyo nzima," Moshi akasema. "Nilijua tangu ulipozitoa mfukoni. Ungenyamaza tu, ungeondoka na heshima yako."

Hilo ndilo lililomuuma binamu kuliko yote, na Moshi aliliona likimuuma, akajipa muda wa kulitazama vizuri. Kisha akawasha kompyuta. Feni tatu zikazunguka, zikanong'ona, hapakutoka hata mvuke. Mpigapicha akamshukuru, na kumshukuru kwenyewe alimwita kwa jina la bibi yake. Alilikumbuka wapi, hakusema.

Ng'ambo ya ubao kinyozi akagonga.

"Moshi, rudisha umeme, nina kichwa cha mtu nusu huku."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Ubao ukagongwa tena, safari hii polepole.

"Basi fundi. Tafadhali."

Akarudisha.

Kinyozi akiwa na habari mtaa hauhitaji redio. Hadi jua linazama watoto walikuwa wanampita binamu na kumsalimia, shikamoo mjomba Stika, kwa adabu zote. Wateja dukani walianza kuvichungulia vipuri vyake ubavuni, wakikwangua kwa kucha.

Shangazi alikuja mwenyewe, siku nyingine, kaketi kwenye kile kiti cha wateja na mkoba magotini. Alisema damu ni nzito kuliko maji. Alisema kosa limekosewa na limeonekana, sasa inatosha, mwanawe hali chakula, kila aendako Stika, Stika. Moshi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chai, akamwambia kwa upole kwamba kumsamehe alishamsamehe.

"Sasa hilo jina, mwanangu. Litambanduka lini?"

Moshi alifikiri kweli, kama anayepiga hesabu ya wati.

"Itategemea, shangazi," akasema, "alitumia gundi gani."