Kaseti ya Mzee wa Waru

Mjukuu wangu Mungai ni mtu mzima na ndevu zake, lakini chumba chake hapa Munyaka kimejaa gemu za TV za zamani. Zile za kaseti. Ukiweka ikikataa kuwaka, unaitoa, unaipuliza tumboni, unarudisha. Zile zilizopendwa na kila mtu hazimsumbui. Yeye hutafuta zilizodharauliwa, na akipata moja hunikimbilia jikoni kama mtu aliyeona kuku wake aliyepotea.

Moja ilimshinda kupata tena. Nilimnunulia mimi mwenyewe kwa mitumba akiwa mdogo. Haikuwa na karatasi ya jina, na ikiwaka ilileta maandishi ya Kichina. Ndani kuna mzee mfupi anapanda mlima na mzigo mgongoni, mbwa akimfukuza. Mimi nikasema huyo amebeba gunia ya viazi, basi kwetu ikaitwa Waru, yaani viazi. Halafu kura ya 2007 ikaharibika, majirani wakageukiana, nyumba yetu ikaungua na kila kitu, tukahamia hema za wakimbizi kule showground. Mungai alililia hiyo gemu kuliko viatu vyake.

Sasa kwa simu wako na kikundi chao cha wakusanyaji. Alikuwa akiuliza, nani anajua Waru? "Shosho, wananicheka. Wananiambia niende soko."

Juzi nikichambua maharagwe akanisomea akicheka: "Kuna mwingine wa Kapseret ako na kaseti haina jina. Yeye anaiita Mursik. Eti mzee amebeba kibuyu ya maziwa."

"Anafukuzwa na nini?"

"Na m—" Kicheko kikaisha. "Na mbwa."

Mtu wa kuona kibuyu mahali nimeona gunia nilimjua mmoja tu. Kimeli, mtoto wa jirani yetu wa zamani, alikuwa akibishana na mimi juu ya huo mzigo mpaka uji unapoa. Walikuwa wanaazimana kaseti, na watoto husahau. Kumbe siku ya moto Waru ilikuwa kwao.

Mungai hakutaka kwenda. "Tangu wakati ule hatujasalimiana na wao. Nianze na kudai kaseti?"

"Utaanza na kusalimia. Mimi nitatangulia."

Kule Kapseret tulimkuta Kimeli zizini na gambuti zake miguuni, mrefu kama marehemu babu yake. Alinitazama, akaweka ndoo chini.

"Shosho! Bado unasema ni viazi?"

"Ni viazi. Na wewe bado hujanunua miwani?"

Alicheka mpaka mke wake Chepkorir akatoka nje kuona kuna nini. Tukaingizwa ndani, tukapewa chai. Nikauliza habari ya baba yake.

"Alituacha, Shosho. Mpaka anakufa alikuwa anauliza tu mliishia wapi."

Juu ya ile miaka hakuna aliyesema zaidi, na mimi sikuwasukuma. Mambo mengine hupikwa na moto mdogo.

Kimeli akatoa kaseti kwa kitambaa, akaipuliza, akaiweka. Ule wimbo wake mdogo ulipoanza, nilijikuta nimegeuza shingo kuangalia kama maziwa yanachemka, kwa jikoni ambayo haiko tena. Wale wanaume wawili wakakaa chini kwa mkeka, magoti juu, wakitukanana.

"Ruka! Ruka, wewe ng'ombe!"

"Nimeruka! Ni hii joistiki yako!"

Mbwa akamla mzee mahali pale pale alipokuwa akimla zamani.

Ndipo Mungai akasema, macho kwa TV, "Kimeli, niuzie. Ama tubadilishane. Chagua yoyote kwa kabati yangu."

"Wewe uko na kabati nzima," Kimeli akasema. "Mimi nimebaki na hii moja. Siwezi."

Mungai akanitazama. Alijua ni mimi niliinunua, na nikisema neno, Kimeli angeitoa bila kubisha. Nikanywa chai yangu. Niliona mjukuu wangu akimeza mate, mara moja, mara ya pili, kama alivyofanya pale showground chakula kikiwa kidogo.

Halafu akaokota joistiki, akaigeuza, akaibonyeza na kidole.

"Hii batani ya kuruka imekufa kabisa," akasema. "Niko na joistiki ingine nyumbani. Nitakuletea."

"Lini?"

"Jumapili, tukitoka kanisa."

"Kuja mapema," Kimeli akasema, "kabla sijaanza kukamua."