Kijiji Kisichohama

Kibwana, karani wa zahanati, ndiye aliyepiga chapa maombi ya fedha za kutafiti matende. Serikali ya Uingereza iliuliza kwa nini ichague pwani hii. Basi yeye, kwa mapenzi ya kwao, akamshauri daktari aongeze mstari mmoja: watu wa kijiji chake cha Mwabungo hawahami, na wakiambiwa jambo hutii. Alidhani sifa huvuta dawa. Wazee wakasita kutoa damu ya kupimwa kwanza, naye akasoma nao Fatiha hadi wakakubali.

Leo majibu yamefika, na fedha zimekubaliwa. Bongwe, kijiji cha jirani, watapewa vidonge. Mwabungo, kwa kuwa hawahami, watapimwa damu tu miaka mitatu bila dawa, ili walinganishwe na wenzao. Lo! Sifa gani hii ya kumfunga mtu miguu?

“Tuwape nao, Bwana Daktari,” Kibwana akasema.

“Tukiwapa, fedha zitarudi, na Bongwe nao watakosa. Na ukiwaambia, watakwenda kunywa dawa za Bongwe. Funga mdomo.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi ya pili Kibwana akashika daftari la majina, akaenda Mwabungo. Shangazi yake, Mwanapili, alikwisha kuketi mkekani, mguu umemvimba kama mtungi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Dawa imekuja?”

“Bado, shangazi. Leo naandika majina ya watakaopimwa.”

“Basi niandike wa kwanza,” akasema, akimsogezea kigoda. “Usiwe na haraka. Sisi tupo papa hapa, twende wapi?”